Kopo Langu la Dawa na Somo Lenu la Famakolojia

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Famasia,

Mimi ni mzima, ila moyo hauko mahali pake. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa yangu mmeipunguza sana kwa hayo mnayomfundisha binti wa kaka yangu katika somo mnaloliita famakolojia.

1. Nina kopo la biskuti ninamotunza dawa zinazobaki kila mtu nyumbani akipona. Mtaa mzima unatibiwa hapo, bure. Nyeupe ni za kichwa, za njano ni za tumbo, nyekundu zinaongeza damu, na zile za rangi mbili ni za homa sugu. Hajawahi kurudi mtu kulalamika. Binti alipokuja likizo akalifungua, akakaa chini kama aliyepewa taarifa ya msiba.

2. Alinihoji mbele ya wageni. Kidonge hiki kinaitwaje, kikishamezwa kinapita wapi, kinatoka mwilini baada ya muda gani. Mheshimiwa, mimi hata mgeni aliyekula kwangu simuulizi chakula kimetoka saa ngapi.

3. Alimwambia fundi cherehani kwamba vidonge vyangu vinamchosha ini. Ini la fundi yule lilichoshwa na pombe kabla sijahamia hapa. Sasa akipita mlangoni kwangu anatazama upande wa pili, na mama muuza mkaa naye kafuata mkumbo. Nilikuwa mtu kwenye mtaa huu. Siku hizi habishi hodi yeyote, na nikisema hainiumi nitakuwa naongopa.

4. Kwa hiyo naomba somo lifutwe. Ikishindikana, futeni ile sura ya madhara ya dawa, maana ndiyo inayowatia watoto kiherehere. Hiyo nayo ikishindikana, nipeni mimi nifundishe. Nitamaliza masomo ya mwaka mzima kabla ya chai ya saa nne, kwa kuwa rangi zenyewe si nyingi.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na huyo anayewatungia mitihani.

Mwenzenu katika tiba,
Shangazi wa mwanafunzi wenu

Nyongeza: Nilimeza kimoja ili nipate nguvu ya kuandika. Tangu namba tatu mdomo umevimba, na sasa jicho la kushoto halifunguki. Tafadhali mtoe binti darasani aje haraka na dereva wa pikipiki aliyeleta barua hii, anipeleke hospitali. Akiuliza nimemeza nini, mwambie chekundu. Akiuliza chekundu kipi, Mheshimiwa, hapo nami nimekwama. Nimelimwaga kopo lote mezani, na vyekundu viko vya aina tatu.