Kofia Nne kwenye Landkruza ya Bwana Harusi

Ugomvi uliletwa na redio ya Najiat. Najiat ndiye anayetuuzia kahawa hapa Chemchem, na redio yake huwa inakoroma tu, lakini mchana ule ilisema wazi kabisa: trafiki wameanza kukamata magari yenye taa za ziada. Wote tukageuka kumtazama Majidi.

Majidi tunamwita Asali, maana kazi yake ni kubeba asali kutoka maporini huko Sikonge kwa Landkruza kuukuu. Siku hiyo alikuwa bwana harusi. Kanzu imepigwa pasi, kofia mpya ya Unguja, na gari ameliegesha mbele yetu likiwa na spotilaiti nne kwenye ngao ya mbele, kila moja pana kama bakuli la uji.

"Si nilikwambia," akaanza Issa Wakili. Issa ana duka la vitambaa na kofia sokoni. Mahakamani ameingia mara moja tu, kutoa ushahidi wa mbuzi, na tangu hapo sheria zote za nchi anazo yeye.

"Uliniambia nini? Jana ulisema zimependeza."

"Kupendeza ni suala moja, kifungu cha sheria ni suala jingine."

"Trafiki si anasimama pale njia ya Ipuli?"

"Anasimama. Na leo redio imempa moyo."

Majidi akaweka kikombe chini. Nilimwonea huruma, maana mkwe mwenyewe alikuwa Mzee Hilali wa Ipuli. Siku ya kupeleka posa gari hilihili lilitufia njiani, tulitarajiwa asubuhi tukafika magharibi, na mzee akasema akichelewa tena ndoa hakuna. Mzee huyo alishamkataa mchumba wa Igunga, tajiri wa ng'ombe, kwa kosa la kuingia sebuleni na pama, ile kofia pana ya wachungaji, kichwani. Nikaha ilikuwa mara tu baada ya alasiri, na hakuna aliyedhani mzee angesubiri maelezo.

"Zing'oe tu," akasema Masolwa. Yeye ni mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nzega, na pama lake haliondoki kichwani hata akiwa anakunywa kahawa. Hapa kijiweni anaitwa Pama.

"Hazing'oki," akajibu Mussa Fyuzi. "Nimezichomelea. Mwizi akizitaka abebe na gari."

Mussa ni fundi wa redio na feni. Kufunga taa za gari ilikuwa mara yake ya kwanza, na alikuwa anajisikia kuliko bwana harusi.

"Hivi mtu wa mjini taa zote hizo za nini?" Masolwa akauliza. "Babu zetu walibeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani kwa miguu, hata tochi hawana."

"Ndiyo maana wengine hawakurudi," akasema Wakili.

"Usiku kule porini hujui kisiki ni kipi na nyati ni yupi," akasema Majidi. "Mimi nazihitaji, bwana. Ila leo sizihitaji."

"Mimi kinachonitia wasiwasi ni hizo nyaya," Wakili akaendelea. "Fyuzi, rilei umeweka?"

"Rilei ya nini?"

"Rilei ni kama mshenga. Swichi kitu kidogo, haiwezi kwenda yenyewe kwa betri kubeba moto wote ule. Inamtuma rilei, rilei ndiye anayebeba."

"Na mshenga anakula hela ya watu bure. Mimi swichi yangu inaongea na betri ana kwa ana. Nimeweka waya mnene, mambo ya kutumana tumeacha zamani."

"Wataoana swichi na betri bila mshenga, tutaona."

"Jamani, trafiki," Majidi akakumbusha, na sauti ilishaanza kupanda.

Hapo ndipo Wakili alipoleta kifungu chake. "Taa ikifunikwa siyo taa tena. Ni mzigo. Na gari kubeba mzigo ni halali."

"Tufunike na nini?"

Macho yakamwendea Najiat na kanga yake. "Msinizoee," akasema, na mjadala wa kanga ukafia hapo.

"Magunia ya salfeti," akasema Masolwa.

"Gari la harusi na masalfeti? Trafiki atasema tunatorosha mkaa."

Mussa Fyuzi akavua kofia yake taratibu, akaipeleka kwenye taa ya kwanza, akaisukuma. Ikakaa. Ikakaa vizuri, wallahi, utadhani ilishonewa taa. Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, maana kila mtu alikuwa anaona jambo moja.

"Trafiki akiona kofia atajua ni harusi tu," Wakili akasema, akavua ya kwake.

Ya tatu ilikuwa yangu. Aliishona Anifa, mke wangu, kwa mkono, msimu mzima wa mvua, na sijui shetani gani alinivua. Ya nne ilibidi itoke kwa Masolwa, lakini pama halikuingia, lilibaki linaning'inia kama sikio la tembo.

"Weka yako, Asali," akasema Fyuzi. "Ni mpaka tumpite trafiki tu. Tukifika Ipuli unaivua, unakung'uta vumbi, unaingia kuoa."

Majidi akasita. Halafu akaivisha taa ile kofia ya Unguja, akaifuta na kiganja.

Fyuzi akaingia garini kutuonesha ufundi. "Nimewasha. Mnaona kitu?"

Jua la Tabora lilikuwa linachoma uso. "Hatuoni kitu," tukajibu.

"Nimezima. Mnaona tofauti?"

"Hatuoni."

"Basi kazi imekwisha." Akashuka akijipangusa mikono.

Tukaagiza kahawa ya mwisho. Majidi, ambaye hakuweza kutulia, akaingia garini akatoka. "Fyuzi, hii swichi ina joto."

"Mji mzima una joto."

"Lakini zimezima?"

"Swichi iko chini. Swichi ikiwa chini taa zimezima, huo ni umeme, siyo siasa."

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Sisi tulishakubaliana kuswali Ipuli. Tulikuwa tunainuka Najiat aliponusa hewa.

"Nani anachoma nguo?"

"Kashata zako hizo," akasema Wakili.

"Kashata zangu hazina uzi."

Tukatazama gari. Kofia zote nne zilikuwa zinatoa moshi, kwa utulivu, kama wazee wanavuta kiko. Najiat hakungoja mtu. Alibeba ndoo ya kuoshea vikombe akaimwaga yote kwenye ngao. Tulipozivua, kila kofia ilikuwa na tundu la duara utosini, na taa chini yake inawaka kama kawaida.

"Umesema zimezima," Majidi akasema kwa sauti ndogo.

"Swichi iko chini," Fyuzi akasema. Akaipandisha, akaishusha. Taa hazikujali. "Itakuwa imeungua ndani, imegandana."

"Ilihitaji mshenga," akasema Wakili.

"Kata waya," Majidi akamwambia Fyuzi.

"Upi? Nimezifunga zote plasta nyeusi pamoja na za stata. Nikikosea, gari haliwaki."

Nilishika kofia ya Anifa nikaona mtaa mzima kupitia tunduni. Iliniuma, sifichi. Lakini Majidi alikuwa na hali mbaya zaidi; alisimama kichwa wazi, na kwa Mzee Hilali huwezi kwenda kuoa kichwa wazi.

"Msikitini kofia zimejaa," nikasema.

"Ziko kwenye vichwa vya watu, na watu wako kwenye swala," akasema Fyuzi.

"Dukani kwako, Wakili?" Majidi akauliza.

"Ufunguo anao mke wangu. Mke wangu yuko Ipuli, kwenye pilau lako."

Tukamgeukia Masolwa. Masolwa akashika pama lake kwa mikono miwili.

"Hili hapana," akasema.

Tuliondoka taa zote nne zinawaka mchana kweupe, Majidi kwenye usukani na pama kichwani. Trafiki alituona kwa mbali. Alitazama mwanga, akatazama pama, akajiweka sawa mkanda na kutupigia saluti mpaka tukapita. Mpaka leo anaamini alipita mheshimiwa.

Tuliwahi. Mzee Hilali alikuwa amesimama barazani, mkono umekinga macho yasiumie na mwanga.

"Shikamoo, mzee," Majidi akasema.

"Marahaba," akajibu, huku anamkagua kuanzia viatu mpaka juu. Akamgeukia shehe. "Huyu wa Igunga si nilishamkataa?"

Dirishani, nyuma ya pazia, bibi harusi Zuwena akasema wote tukisikia: "Baba, ni Majidi. Mimi nimeridhia, hata angekuja na ndoo kichwani."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Akatutazama sisi vichwa wazi mmoja mmoja, akafika kwa Masolwa aliyekuwa anajikinga jua na trei ya soda, akashindwa kujizuia, mabega yakaanza kumcheza.

"Haya, shehe, funga ndoa," akasema. "Na wewe Mussa, kazime hizo taa, zinanipofusha."

"Zimezima, mzee," akasema Fyuzi. "Swichi iko chini."