Chui Asiye na Ngozi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeona ajabu kwa macho yangu. Chui wangu amekufa kwa kumuuma kobe!

Nieleze. Katika Vita vya Pori, mchezo wa karata wa kwenye simu ulioshika mtaa wetu mzima wa Bagira, kila mtu hujenga mnyama wake. Unagawa pointi: meno ya kushambulia, ngozi ya kujikinga, uhai wa kubaki nao. Kisha mnatupiana karata, hata kwa simu moja. Mimi ni mgeni katika mchezo, lakini si mgeni katika akili. Chui nimempa meno karibu yote. Kwa nini nijikinge na mtu ambaye tayari nimemuua?

Mpinzani alikuwa Maman Godelive, shangazi wa mchumba wangu Apolline, mwalimu mkuu huko Ibanda. Mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kobe wake ana karata ya Miiba: ukimuuma, maumivu yanakurudia mwenyewe. Nikauma kwa nguvu zote. Kobe akayumba kidogo. Chui akalala chali. Yule mama hakuwa ametoa karata nyingine hata moja, na sambaza hazikupoa. Nilipigwa na butwaa, nakiri.

Akanirudishia simu yangu. "Grégoire, uyu nyama yako iko na meno tu, ngozi hana. Utamupeleka wapi?"

Nitampeleka mbali. Lazima. Jumamosi familia yetu inakwenda kwake kumposa Apolline, na yeye ndiye aliyemlea. Akikataa, hakuna ndoa. Nani atamwoza binti yake kwa mtu aliyeshindwa na kobe?

Jumatano, 5 Juni

Apolline amenipa ushauri. Anasema wanaoanza wote hupenda meno, wala si kosa, ila mshambuliaji naye lazima awe hai ikifika zamu ya pili. Nitoe karata mbili za meno, niweke mbili za ngozi. Nimemsifu sana. Ana akili, huyu mwanamke!

Kisha nimeondoa ngozi kidogo iliyokuwa imebaki, nikaweka Hasira. Karata nzuri mno, ina kingo za dhahabu. Inaongeza meno maradufu na kula uhai wa mwenye nayo. Kama chui atamaliza vita kwa pigo moja, uhai ni wa nini?

Alhamisi, 6 Juni

Nimecheza tena na yule mama wa kobe. Umeme ulikatika mtaa mzima, na sebule ya Maman Godelive ikawaka kwa mwanga wa chui wangu peke yake. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Hata watoto wa jirani walisogea kutazama.

Maman akatoa Chimba. Kobe akaingia ardhini. Chui akauma udongo, na Hasira ikammalizia uhai. Amekufa bila kuguswa na mtu. Kwa ukubwa wa jambo hili, sidhani nitalala vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimegundua udhaifu wetu wa kesho. Ni papa mudogo Pascal.

Desturi inataka bwana harusi akae kimya, asemewe. Msemaji wetu ni Pascal, mdogo wa baba yangu, anayefanya biashara kati ya hapa na Kamituga. Hajawahi kujibu swali kabla ya kuzungumzia mvua. Ukimtukana anakushukuru. Meno hana kabisa! Nimemwambia yeye na wengine wa familia kwamba mkutano umesogezwa hadi jioni. Kufika kwake, mimi nitakuwa nimekwishamaliza kazi.

Jumamosi, 8 Juni

Tuliingia asubuhi, mimi na rafiki yangu Dany aliyebeba kreti ya bia. Kwa kuwa ndivyo desturi ya posa ilivyo, wenyeji wakajifanya hawatujui. Maman Godelive akauliza, "Muko bageni ya nani? Labda mulipoteya njia?"

Nikasimama. Nikasema hatujapotea, nimekuja kumchukua Apolline, wataje ng'ombe wao wa mahari tumalize.

Mjomba mmoja wa Apolline alirudisha glasi mezani bila kunywa. Apolline, mlangoni, alijifunika uso kwa kitenge.

"Meno tu," akasema Maman. "Mutu wa kukusemeya iko wapi?"

Nikaambiwa nikangoje nje, pamoja na kreti. Nilikaa juu yake nikiona kama Apolline ananiponyoka. Niliogopa kweli.

Ndipo pikipiki ikasimama. Pascal! Mtu huyu huwahi kila mahali kwa saa nyingi, nilisahau. Akaniangalia, akaikagua kreti, hakuuliza kitu. Akaingia. Nikasikiliza dirishani.

Alianza na mvua ya njia ya Kamituga. Wakamwambia chui wake amewauma watu. Akakubali, akaomba radhi kwa kila jino. Wakamwambia nyumba hii haina msichana; akasema basi apewe maji tu, amechoka. Wakamwita mzee wa kupotea njia. Akashukuru kwa jina zuri. Kila pigo lilimwingia na hakuna lililomwangusha, na kila walipopiga ndivyo walivyozidi kucheka wenyewe, hadi Maman Godelive akacheka akakohoa. Machozi yalinitoka. Sikujua kwamba binadamu anaweza kufanya hivyo.

Tumepewa siku nyingine, mwezi wa saba. Kwa sharti moja: bwana harusi asifungue mdomo.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa Apolline ameniuliza kama sasa nimeelewa. Nimemwambia nimeelewa kabisa, na ni kweli. Usiku kucha nimemwaza papa mudogo Pascal. Ngozi ile! Uvumilivu ule! Ni kobe mkamilifu, ila ana kasoro moja tu: hakushambulia hata mara moja.

Kwa hiyo mwezi wa saba nitakaa nyuma yake, kimya kama nilivyoagizwa. Dany amekubali kuja na kipaza sauti chake cha kuuzia nguo sokoni.