Buibui Wametoka Kipushi

Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024

Lubumbashi nzima kuna watu wawili tu wanaojua Kiingereza sawasawa. Mmoja ni mimi, Kasonde. Wa pili bado hajazaliwa.

Shule niliiacha katikati ya sekondari, maana walimu walikuwa wameishiwa na vitu vya kunifundisha. Sasa ninashika micro, kipaza sauti, katika sinema ya Mama Régine, hapa mtaani Hewa Bora. Mabenchi ya mbao, ukuta mweupe, projekta moja. Wazungu wa filme wanasema lugha yao, mimi ninawapa watu Kiswahili. Bila mimi wangeona midomo tu.

Leo filme mpya. Buibui wakubwa kama mbuzi wanavamia kamji kadogo. Wanakula posta. Wanakula fundi wa saa pamoja na saa. Tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri hivi. Polisi mnene anakimbilia ndani ya friji kubwa ya bucha, anafunga mlango, anageuka: buibui yuko humo, naye anatetemeka kwa baridi. Watu walianza kulia, kilio kikageuka kicheko hapohapo kooni. Huo ndio ufundi. Kuogopesha tu, hata mbwa anaweza. Kuchekesha tu, mjomba wangu akilewa anaweza. Lakini kumshika mtu tumbo kwa woga na kumtekenya kwa mkono wa pili? Aliyetengeneza filme hii ni mkubwa. Karibu kama mimi.

Shida moja: buibui wametoka wapi? Kwa bahati nzuri kuna maandishi chini ya picha. Wazee wawili wanavutana mbele ya nyumba, kila mmoja anafoka: MINE. MINE. Mtoto yeyote wa Katanga anajua neno hilo. Ni shimo la shaba. Basi nikatangaza: buibui wanatoka mu mine. Watu wakaguna wote pamoja. Na kamji kadogo kenye mine, karibu na mpaka, ni kapi? Nikawapa jina: Kipushi.

Hakuna aliyekwenda kukojoa tena mpaka mwisho.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Sauti yangu ina nguvu kuliko redio. Papa Adalbert, mzee wa benchi ya mbele aliyestaafu mgodini, alimpigia simu mwanawe Lombe anayefanya kazi Kipushi. Alimwambia asishuke chini leo, mambo iko mubaya kule. Lombe hakushuka.

Lakini duniani kuna wivu. Wivu wa Hewa Bora unaitwa Ephraïm. Alisoma kidogo Ndola, ng'ambo ya mpaka wanakosema Kiingereza, na tangu arudi anakunywa chai huku kidole kidogo kimesimama. Alisimama mbele ya watu wote akasema ile MINE si Kifaransa. Eti kwa Kiingereza ni "yangu". Eti ni ndugu wawili wanagombania nyumba ya baba yao. Eti buibui walikuja ndani ya kasha la ndizi.

Nikamuuliza ni nani Lubumbashi anayeogopa ndizi. Watu walicheka. Mama Régine hakucheka.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Lombe amefika kutoka Kipushi. Mabega kama mlango. Mkubwa wake wa kazi amemgombeza mbele ya wenzake, akauliza buibui gani. Lombe naye amekuja kuniuliza mimi buibui gani. Nilijibu kutoka juu ya paa.

Mama Régine ameamua. Jumamosi mchana, filme ileile. Nusu ya kwanza mimi, nusu ya pili Ephraïm. Yule watu watakayemtaka, micro ni yake. Alisema hataki tena fujo ya sisi batoto.

Sikula jioni. Kabla ya micro niliitwa "ule mutoto wa Mama Bénie". Sasa hata wamama wa sokoni wananiita Monsieur Kasonde. Nikiikosa, Monsieur amekufa.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Mpango. Huguette, msusi wa jirani, aliacha mèches zake, nywele za kusukia, juani. Nimezikopa bila kumsumbua kwa maneno. Nimezifunga kwenye waya: buibui mweusi, miguu minane, ananitisha mimi mwenyewe. Amefichwa darini, kamba inashuka kando ya ukuta. Ephraïm akishika micro, ninavuta. Atalia kama mtoto, watu watamwona ni nani.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Kamba niliifunga mkononi nisiisahau. Kosa dogo: mimi ninaposema, mikono nayo inasema. Katikati ya nusu yangu nilionyesha jinsi buibui anavyopanda kutoka shimoni, na yule wa darini akashuka moja kwa moja juu ya Lombe.

Lombe hakukimbia. Alivua kiatu, akampiga yule buibui mpaka mèches zikatawanyika benchi tatu. Sinema nzima ikasimama kumpigia makofi. Nikanyanyua micro: wananchi, Kipushi imeshinda. Huguette alikuwa anaokota nywele zake na kutaja jina langu, lakini nani angemsikia?

Kisha Ephraïm. Nyumba hii ni yangu. Hapana, ni yangu. Kasha hili ni la ndizi. Sauti ya mtu anayesoma bei ya misumari. Papa Adalbert alikoroma. Mwishowe Lombe, Lombe yuleyule, akasimama: "Shiye tulikuya kuona mine yetu. Hatukukuya juu ya ndizi. Mumurudishie ule mubongo micro." Mubongo, yaani mwongo, ni mimi.

Nimerudishiwa. Mama Régine ameweka sharti moja: uongo ataweza kuuvumilia, kimya hapana. Siku micro ikinyamaza mkononi mwangu, ni ya Ephraïm.

Mimi ninyamaze? Mimi?

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Sehemu ya pili ya filme. Nzuri kupita ya kwanza: buibui sasa wanaendesha basi la shule. Yule polisi mnene anaumwa mguu, anaanguka, uso unakunjamana, na chini ya picha neno moja: PAIN.

Kifaransa safi. Mkate. Nikawaambia watu polepole, kwa sauti ya msibani: mtu huyu anakufa, na anaomba mkate. Wamama walilia. Ephraïm alicheka mpaka akaanguka chini ya benchi. Wivu, nilishasema.

Hapo Papa Adalbert akanyoosha mkono. Alitaka kujua kama anaomba mukate mutupu ao na chai.

Nilitazama ukuta. Polisi alikuwa ameshakufa. Nilifungua kinywa, hakuna kitu kilichotoka. Watu wakangoja. Mama Régine akatembea toka mlangoni, akachukua micro mkononi mwangu, akampa Ephraïm aliyekuwa bado anajifuta machozi.

Ninakubali, ni kosa langu. Ningesema na chai.