Valvu Nne za Astère

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Siku mbaya! Mazoezi ya kwaya hapa Juru, katika kambi yetu ya Nakivale, na Muhirwa amekuja na kinanda kipya. Kina vitufe chungu nzima. Akabonyeza kimoja, mara kinanda kikatoa sauti ya gitaa. Gitaa! Nami nimesimama palepale, gitaa langu shingoni, miaka yote hii nikiipigia kwaya hii. Mama Mukandoli, mwenyekiti wetu, alifurahi mno. Akasema Mungu ametupa watu wawili ndani ya Muhirwa mmoja. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama nimewahi kujaribu kuimba besi.

Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni ni Ijumaa ya wiki ijayo. Jumatano kwaya itaamua gitaa la nani lipigwe, langu au la kitufe.

Nimewaza njia nzima kurudi nyumbani. Tatizo si mimi. Tatizo ni valvu. Ampli yangu, hii mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ni ya zamani, nzito, iliyotengenezwa kwa ajili ya wapiga gitaa wenye hasira. Niliipata kwa mbuzi wawili, hoteli moja ya Mbarara ilipovunja bendi yake. Nyuma ina valvu nne kubwa, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani na kuipa sauti nguvu yake ya mwisho. Zangu ni 6L6, za mtindo wa Kimarekani. Besi nzito, sauti safi, imenyooka kama mtu anayetoka kuungama. Nani anataka usafi wakati wa vita? Nimesoma kwenye simu kuwa zipo EL34, za mtindo wa Kiingereza. Hizo zinang'ata katikati. Zinanguruma! Kitufe hakiwezi kunguruma. Nimekula ugali wangu wote kwa furaha.

Jumamosi, 9 Agosti

Kabla ya kwenda mjini nimeona nijaribu kwanza kuzungusha kifungo cha ukali hadi mwisho. Pengine tulikuwa hatujafika. Sola yetu inatosha simu na taa moja tu, kwa hiyo nikaifunga ampli kwenye baiskeli, nikaisukuma hadi kijiji jirani cha Kashojwa, kwa Claude kinyozi, mwenye jenereta. Dada yangu Angeline aliishikilia kwa nyuma na kulalamika mwendo wote. Claude alikubali, maana nilimwambia ni redio.

Nikawasha. Mashine ya kunyolea ikazimika, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Nikazungusha ukali. Ampli ikatoa mlio mmoja mrefu wa kupasua masikio, ikagoma kunyamaza. Muda si muda barabara imejaa watu wenye magunia matupu. Walidhani ni kipaza sauti cha mgao wa chakula! Bibi mmoja aliniuliza maharage yanatolewa upande gani. Aibu niliyoona! Nikawapigia wimbo. Wakabaki. Wakacheza, magunia mabegani. Hata yule wa nusu kichwa alicheza, na vizuri. Claude peke yake hakucheza. Ameniambia nisikanyage tena kwake na redio ya aina ile.

Nimejifunza kwamba ukali ninao wa kutosha. Kinachokosekana ni valvu tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mbarara. Nimefika kwa Kezironi, sajini mstaafu wa bendi ya jeshi, ambaye sasa anatengeneza redio na ampli karibu na soko. Nilikuwa nimezichomoa 6L6 zangu na kuzibeba kila moja ndani ya soksi. Alizitoa, akazipangusa, akazipenda kuliko alivyonipenda mimi. Akaniambia, "Sebo, bwana, hizi ziko sawa kabisa! Ziko safi! Wewe nataka kelele ya nini mu kanisa?"

Nilimweleza habari za kung'ata na kunguruma. Akacheka hadi akashika meza. Hata hivyo alinitolea EL34 nne kutoka kwenye kasha, zimefungwa kwa gazeti. Kisha akakunja uso kama yuko gwaride. "Hii nakula moto mingi. Lete mashini hapa, mimi napima, mimi naseti. Usipopima, valvu iko tu imekaa, haina kazi, lakini nakunywa umeme mpaka najichoma." Alirudia mara tatu. Nilitikisa kichwa kukubali mara tatu.

Lakini kuleta ampli Mbarara? Kwanza ni nzito. Pili, akiisikia atairudishia valvu zake za usafi. Nikamwambia Juru kuna fundi hodari ambaye atapima. Sikusema uongo sana, kwa sababu bisibisi ninayo. Alitaka gunia la maharage nililokuja nalo pamoja na 6L6 zangu. Nikampa vyote. Mtu anayesonga mbele hahitaji valvu za kurudia.

Jumanne, 12 Agosti

Leo katekista ameniruhusu kutumia jenereta ya parokia kwa muda mfupi. Nimezichomeka valvu mpya. Zimeingia bila ubishi! Kupima nimepima kwa macho, nikaona zote nne zina urefu sawa.

Nikawasha. Ah, uzuri huo! Zile za zamani zilikuwa na mwanga mdogo wa rangi ya chungwa katikati, basi. Hizi vyuma vyake vyote vya ndani vimeiva vyekundu. Ndipo nikaelewa maana ya valvu kali. Angeline alisogeza kiti chake nyuma. "Hiyo kitu inawaka kama mbabula ya makaa, Astère. Unaenda kupika ama kupiga?" Hajui mambo haya. Mimi nilipiga, na sauti ikatoka nene, chafu, inakwaruza kwa raha mpaka kifuani. Nilitokwa na machozi, nakubali. Nilipiga tena. Kukawa na harufu kidogo ya kitu kipya, nikazima ili nisiimalize raha yote kabla ya siku.

Jumatano, 13 Agosti

Nilikuja na mpango wa busara. Kwaya nzima igeukie ukutani. Mimi nipige, kisha Muhirwa abonyeze, halafu waseme lipi ni gitaa la kweli. Masikio hayana upendeleo! Mama Mukandoli alikubali haraka. Muhirwa naye alikubali huku akitabasamu, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Nilipiga kwa moyo wote. EL34 zilinguruma kama nilivyoziota. Muhirwa akabonyeza, kikatoka kisauti chembamba chenye adabu. Kura zikapigwa. Wote, wote, wamesema gitaa la kweli ni lile la pili! Kuhusu langu, mwimbaji mmoja wa sauti ya nne alisema alifikiri ni kinu cha kusaga mahindi. Mwingine alidhani jenereta imeharibika. Mama Mukandoli aliniuliza, "Weye Astère, unapiga gitaa ama unakokota mabati?"

Niliumia. Nilikaa nje ya kanisa, sikutaka hata chai. Baadaye Mama Mukandoli akanifuata. Moyo wake ni laini, na nilihakikisha ananiona nikiwa nimeinama. Akasema basi, Ijumaa Muhirwa atapiga Misa, lakini nitapewa wimbo wa Utukufu. Utukufu peke yake. Ikienda vizuri, gitaa la kwaya ni langu moja kwa moja. Ikienda vibaya, nahamia kwenye besi na gitaa linakwenda stoo ya parokia. Nimembusu mkono. Nimekunywa na chai yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumepeleka ampli kanisani mapema. Angeline amebadilika. Tangu Mama Mukandoli ampongeze kwa kuwa ndugu yake atapiga Utukufu, yeye ndiye anayetangaza habari hiyo kijijini kote. Leo amefua kile kitambaa kikubwa cha kufuma alichotoka nacho Burundi, akakitia wanga, akakinyoosha pasi. Akaifunika ampli yote, juu, mbele hadi nyuma. "Mavumbi itaingia mu hiyo kitu, na bazungu hawatarudi kuitengeneza."

Sasa inafanana na ampli ya nyumba yenye heshima. Muhirwa aliitazama kwa wivu, kwa kuwa kinanda chake kimekaa uchi kama mbuzi. Nilimwambia asijali, kila mtu ana dada yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Mungu wangu! Niandike polepole.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Niliwasha ampli kabla ya wimbo wa mwanzo, ili valvu zipate moto wa kutosha. Maandamano yalikuwa marefu, wacheza ngoma, watoto wenye maua, kina mama na vikapu vyao. Ampli ilikaa kimya chini ya kitambaa chake, haina kazi. Muhirwa alibonyeza na kubonyeza. Watu walisinzia kwa utaratibu. Wakati wa wimbo wa Bwana utuhurumie nilisikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nikatazama huku na huku nione ni shati la nani.

Padre akaanzisha Utukufu. Nikapiga.

Mpigo mmoja! Sijawahi kusikia kitu kama kile duniani. Ulinguruma, ukapanda, ukashika mabati ya paa, ukatingisha madirisha, watoto wote wakaacha kulia kwa pamoja. Askari mmoja aliyekuja na familia yake alisimama wima na kupiga saluti. Halafu ndani ya kitambaa kukapiga pa! Ampli ikafa. Moshi ukaanza kutoka katikati ya maua ya kufuma, mwembamba, ukipanda vizuri kabisa kuelekea altare.

Wakadhani ni ubani! Mtumishi wa chetezo alikitazama chetezo chake, ambacho hakikuwa kimewashwa. Nyuma mama mmoja akapiga vigelegele. Wa pili akafuata. Ngoma zikaingia zenyewe, kwaya ikaushika Utukufu kwa nguvu ambayo hatujawahi kuwa nayo, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amelala tena, na kanisa zima likacheza. Padre alicheza! Nilikuwa napiga gitaa ambalo halikutoa hata chembe ya sauti, ninacheka, na sikutaka Utukufu uishe. Angeline alikuwa anamwaga maji ya maua juu ya kitambaa chake huku akiimba sauti ya kwanza.

Baada ya Misa nilitazama ndani. Valvu zote nne zimekufa. Kioo cha mojawapo kimepasuka. Najua kesho nitaitwa, na usiku huu sijala.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeitwa. Kwaya yote ilikuwepo, Muhirwa mbele. Nilikuwa nimeshaanza kukohoa ili kutafuta sauti ya besi.

Mama Mukandoli alisimama. Akasema amesumbuliwa tangu alfajiri. Watu wa Juru, wa Kashojwa, hata Claude kinyozi, wote wanauliza ule mpigo utakuwepo lini tena. Padre mwenyewe ameuliza. Kwa hiyo kwaya imeamua. Kinanda kitapiga Misa zote za mwaka. Lakini kila sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, mwanzo wa Utukufu, Astère atapiga mpigo mmoja. "Moja tu. Ukigusa ya pili, utaenda besi." Kisha wakapiga makofi. Muhirwa pia alipiga, tena alinikumbatia.

Nimeshinda! Muhirwa ana mwaka mzima lakini hakuna anayemuulizia. Mimi nina mpigo mmoja na Nakivale nzima inaungoja.

Nimempigia simu Sajini Kezironi mara moja. Amenifokea muda mrefu kwa Kiswahili na Kinyankore, akiuliza yuko wapi yule fundi aliyepima. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza kuhusu zile KT88, ambazo ni kubwa kuliko EL34 na zenye nguvu kuliko zote. Alikata simu, ila baadaye alinipigia tena kuniambia anazo nne, na kwamba safari hii lazima nilete ampli apime. Nimetikisa kichwa kukubali, ingawa kwa simu sionekani.

Bisibisi nimeshainoa. Nina mwaka mmoja tu wa kujiandaa kwa mpigo mmoja, na kwa kweli naona muda hautoshi.