Wote Mtaingia Pichani

Ukitaka kujua mtu ana donda wapi, mnunulie chai. Asubuhi moja ya Juni 1995, katika mgahawa mmoja pale Mwanza mjini, Kashindye Shimba alikuwa kwenye kikombe cha tatu, na donda lake lilisikika mpaka barabarani.

"Miaka mitatu! Miaka mitatu Bagalu wanapewa ushindi, na kila mwaka watu wangu ndio wengi! Wale waamuzi wana macho ya kuku. Jua likipungua tu, hawaoni kitu."

Kashindye alikuwa mnunuzi wa pamba. Tangu watu binafsi waruhusiwe kuinunua, alikuwa ameota kitambi, pikipiki nyekundu na cheo cha mlezi wa kundi la ngoma la Bagika. Kitambi na pikipiki vilimpa raha. Kundi lilimpa presha. Kila Juni, kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Watazamaji wako huru kukimbilia wanakopendezwa, na kundi lililovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Hii ni kura ya miguu, na Wasukuma waliipiga miaka mingi kabla vyama vingi havijaletwa kwa mbwembwe kana kwamba ni kitu kipya.

Meza ya pili alikaa Muharami, akinywa chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia.

Huyu Muharami mtaji wake ulikuwa sura. Ijumaa ilikuwa sura ya mswalihina, Jumapili ya mzee wa kanisa, na siku za katikati ilitegemea anaongea na nani. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna aliyekuwa na nakala yake. Tangu amalize darasa la saba hakuwahi kupigwa picha, si harusini, si msibani. Waliolizwa naye Musoma walimweleza polisi kuwa ni mrefu kiasi, na wa Shinyanga wakaapa kuwa ni mfupi kiasi. Polisi wakatafuta watu wawili, wakawakosa wote. Siku sura hiyo ikijulikana, Muharami angelazimika kufanya kazi, na hilo lilimtisha kuliko jela.

Chini ya kiti chake kulikuwa na begi, na ndani ya begi kamera kubwa ya filamu pana, ile ambayo mpiga picha huishika tumboni na kuinama, akachungulia kwa juu kama anayeangalia maharage kama yameiva. Alikuwa ameipata wiki iliyopita kwa Obedi, mpiga picha wa Musoma, kwa ahadi ya kumpelekea kwa fundi. Fundi mwenyewe hakuwa amezaliwa.

Muharami akahama meza na kikombe chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekusikia bila kukusudia. Mzee, mwamuzi anaweza kubishana na wewe. Anaweza kubishana na mkuu wa wilaya. Hawezi kubishana na picha." Akafungua begi kidogo, kama mama anayemwonyesha mgeni kichanga. "Mimi ni Afisa wa Picha, natoka Makao Makuu. Watu wako wote, kipande kimoja cha picha. Waamuzi wakikuonea, unawapelekea wakahesabu vichwa."

Makao makuu ya nini hakusema, na Kashindye hakuuliza. Mtu mwenye donda haulizi dawa imetoka wapi. Lakini mnunuzi wa pamba si mtoto. Ameshauziwa marobota yenye mawe katikati.

"Sikiliza, Afisa. Kamera itakaa kwangu mpaka siku yenyewe, usije ukapotea nayo. Siku hiyo nitachungulia mwenyewe kwenye hicho kioo. Nikiwaona watu wangu wote mle ndani, ukapiga, ufunguo wa pikipiki ile nje ni wako. Nisipowaona, hata nauli hupati."

Wakashikana mikono. Muharami alishaipiga ramani moyoni: kubonyeza mara moja, kupokea ufunguo, kuwasha pikipiki, kuvuka na kivuko kwenda Kamanga, na jioni yuko Sengerema anaitwa jina lingine. Filamu hakuwa nayo, wala hakuona sababu ya kuingia gharama.

Tatizo alilikuta kabla hajakabidhi kamera. Alichungulia pale mlangoni, na kioo kikamwonyesha kitambi cha Kashindye na nusu ya mlango, basi. Kama kitambi kimoja kinajaza kioo, uwanja mzima ungeingiaje? Hapo akakumbuka maneno ya Obedi, ambaye alikuwa mkarimu wa maelezo kama alivyokuwa mkarimu wa kamera: kuna lenzi pana, maalumu kwa kukusanya watu wengi, na ya kamera hii alikuwa nayo marehemu Mihayo, mwenye studio Igoma.

Igoma iko njiani kwenda Bujora. Siku ya Bulabo, asubuhi, Muharami akaingia studio ya marehemu.

Mjane wake, Mama Dorotea, alikuwa anakata picha za pasipoti kwa mkasi. Tangu maduka ya picha za rangi za haraka yafunguliwe mjini, studio ilibaki na wateja wa pasipoti na wa kipaimara, na hao wa kipaimara huja mara moja kwa mwaka.

"Shikamoo mama. Mimi ni Afisa wa Picha, natoka Makao Makuu. Leo tunapiga umati wa Bagika kwa kumbukumbu ya taifa, na taifa limesahau lenzi pana."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Taifa linasahau mengi. Kamera yenyewe ni ipi?"

Muharami akaieleza. Mama Dorotea akaacha kukata.

"Na iko wapi?"

"Iko na bosi wangu, imetangulia."

Mama akaingia chumba cha ndani, akarudi na vitambaa viwili. Akavifungua mezani. Katika kimoja kulikuwa na lenzi fupi, nene, kioo chake kimetuna kama jicho la kambare, imeandikwa 50. Katika cha pili kulikuwa na lenzi ndefu, nzito, ya heshima, imeandikwa 150.

"Chagua. Marehemu ndiye aliyezijua. Mimi ni wa pasipoti tu."

Kila mpiga picha anajua, nawe msomaji ujue sasa usije ukaaibika: kwenye lenzi, namba ndogo ndiyo inayoona pana. Namba ikikua, lenzi inaona kipande kidogo na kukivuta karibu. Lakini Muharami alikuwa na hesabu ya darasa la saba, na hesabu ya darasa la saba haijawahi kumwambia mtu kuwa gunia la hamsini linabeba kuliko gunia la mia na hamsini. Hiyo ndefu, akafikiri, ni pana mara tatu. Tena huyu mama hajui anachokitoa.

"Nitachukua hii kubwa."

"Una hakika?"

"Mama, mimi nimeisomea."

"Basi kama umeisomea." Mama Dorotea akaikunja ile fupi taratibu. "Ila hapa tuna desturi. Anayeazima kitu, napiga picha yake, inabaki ukutani mpaka arudishe."

Muharami alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Macho yangu hayapatani na mwanga, mama. Daktari amekataza. Nakuachia saa yangu. Dhahabu hii."

Ilikuwa dhahabu mpaka mvua inyeshe. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akamtakia kazi njema, akamsindikiza hadi mlangoni.

Kisha akakaa, akacheka peke yake mpaka akafuta machozi. Kamera za namna ile kanda nzima ya ziwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya marehemu mume wake, iko kabatini. Ya pili ilikuwa ya Obedi, ambaye yeye na marehemu walizinunua siku moja, na Obedi alikuwa ameshapeleka kilio Igoma kwa kila dereva wa basi kwamba kamera imekwenda kwa fundi na fundi hana anwani. Zaidi ya hayo, na hili Muharami angeulizia mapema lingemsaidia, Mama Dorotea alikuwa mtoto wa Bagalu kwa baba na kwa mama.

Akaitoa kamera kabatini, akaifunga lenzi ya hamsini, akatia filamu na kufunga studio.

Bujora ilikuwa imejaa. Upande wa Bagika, Masalu mpiga ngoma alikuwa anaitwanga kama inamdai, majembe yanarushwa hewani na kudakwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne watu walikuwa wamejazana upande wa Kashindye. Wale wa Bagalu, pamoja na chatu wao wa kucheza naye, walikuwa na watazamaji wa kuhesabika. Kashindye alikuwa anatoa jasho la furaha.

"Afisa! Ndio wakati! Piga!"

Muharami akaifunga ile lenzi ndefu, akaweka kamera tumboni, akachungulia.

Akaona matundu mawili ya pua ya Masalu.

Akafuta kioo kwa shati, akachungulia tena. Matundu yalikuwa yale yale, ila sasa yalikuwa safi.

"Unawaona wote?" Kashindye aliuliza, akiinama naye.

"Bado kidogo, mzee. Lenzi hii inataka nafasi. Narudi nyuma." Akapaza sauti kwa umati, maana ulimi ndio kitu pekee kilichokuwa kinamtii: "Jamani, tulieni! Wote mtaingia pichani! Bure!"

Hapo ndipo alipojimaliza. Mwaka ule picha ilikuwa kitu cha kuvalia nguo ya sikukuu, na neno bure lilikuwa limeshaanza kuadimika nchini. Umati wote ukaacha majembe, ukamgeukia. Muharami akarudi hatua tano. Umati, ukiogopa kuachwa nje ya picha, ukasogea hatua tano. Akarudi kumi, wakaja kumi, na kioo kikabaki kimejaa nyuso tatu na kilemba. Akajaribu kukwepea kushoto kwenye uwazi, lakini kamera ile huonyesha mambo kinyume, kushoto kuwa kulia, kwa hiyo kila alipokimbilia uwazi alizidi kuingia upande wa Bagalu. Yeye kichwa kimeinama kiooni, anarudi kinyumenyume, na nyuma yake ngoma za Bagalu zinazidi kukaribia. Akina mama wakaja na vigoda. Mwisho Masalu naye akatupa fimbo zake, akaja mbio akijifuta vumbi usoni.

"Naingia na mimi?"

"Wote mtaingia!" Muharami alilia.

Filimbi ikapulizwa. Muharami akainua kichwa. Alikuwa katikati ya uwanja wa Bagalu, chatu yuko hatua nne kutoka ubavuni kwake, na mbele yake wamesimama watu wote wa Bujora. Upande wa Bagika zilikuwa zimebaki ngoma, majembe na mbuzi mmoja. Waamuzi hawakuhitaji macho ya aina yoyote.

"Bagalu!"

Kashindye akamnyang'anya kamera, akachungulia kwa mara ya kwanza.

"Afisa," akasema polepole, "hii ni pua ya Masalu."

Muharami akauangalia ufunguo wa pikipiki ukining'inia kidoleni kwa Kashindye, akaiangalia njia ya kukimbilia, akakaza miguu. Moyo wake ulimwambia jambo moja la kumfariji: pikipiki imekwenda, lakini sura bado ipo. Kesho atakuwa Sengerema na hakuna atakayemjua.

"Bwana Afisa wa Picha!" ikaita sauti nyuma yake, kutoka juu.

Akageuka. Aliyezoea vyeo vya uongo hugeukia kila cheo. Juu ya bodi ya lori lililoegeshwa kando ya ngoma za Bagalu alisimama Mama Dorotea, kamera tumboni, na lenzi ile fupi yenye jicho la kambare ikimtazama Muharami hatua mbili tu kutoka puani kwake.

Kamera ikalia ka!

Muharami alikata mbuga kupitia mashamba ya pamba, na waliomwona wanasema hakuwahi kukimbia mtu hivyo bila kutangaziwa zawadi. Kamera ya Obedi ilirudi Musoma kwa basi, na lenzi ya mia na hamsini ikarudi kwenye kitambaa chake. Saa ya dhahabu ilipata kutu siku ya mvua ya kwanza.

Picha ilitoka safi. Bujora nzima iliingia, kuanzia wazee wa mbele hadi watoto juu ya miti. Na kwa kuwa wote waliingia, wote waliitaka. Studio ya Igoma ilikuwa na foleni wiki tatu, na nakala zilikwenda Kisesa, Magu, Misungwi, zikavuka ziwa kwenye mikoba ya wageni. Kashindye mwenyewe alinunua kubwa kuliko zote, akalala nayo siku mbili akihesabu vichwa.

Ila lenzi pana ina tabia moja: aliye karibu nayo humkuza kuliko wote. Mbele kabisa, katikati, mkubwa kuliko chatu, alisimama Muharami, mdomo wazi, pua kama embe.

Baada ya wiki nne za kujificha na kufuga ndevu, alivuka kwenda Kamanga. Akaingia kibandani kwa mama ntilie mmoja, Zakia, akavaa sura ya Ijumaa.

"Asalaam alaykum, dada. Mimi ni Afisa wa Afya, natoka Makao Makuu. Nipatie wali na sato, risiti nitakuandikia."

Zakia alimwangalia. Akaiangalia picha iliyobandikwa ukutani juu ya jiko. Akamwangalia tena.

"Mimi ndiye huyu hapa," akasema, akigusa kidoa kidogo karibu na mti, "nyuma kabisa. Nilidhani sitatokea, kumbe ulisema kweli, kaka. Wote tuliingia."

Muharami akaiangalia pua yake mwenyewe, ya ukubwa ule, pichani kwa mara ya kwanza tangu darasa la saba.

"Wali na sato," Zakia akasema, akipangusa sahani. "Lipa kwanza."

Akalipa.