Siku Thelathini za Bure Zinazodai Kadi Yangu ya Benki

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Michezo ya Kompyuta,
Au yeyote ofisini kwake anayesoma barua za karatasi.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaopata riziki chini yako. Mimi si mzima sana, ingawa si ugonjwa wa kumlaza mtu. Ni hasira, na kwa umri wangu wa miaka hamsini na mbili hasira hushukia magotini.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za kike na za kiume katika chumba chenye mlango wa kijani, kati ya duka la dawa na mchonga funguo. Wateja wananiita Fundi Kesho. Jina hilo sikulichagua, lakini pia sina ushahidi wa kulipinga.

Wiki mbili zilizopita binti yangu, ambaye ni mkunga katika mji ulio mbali nasi kwa safari ya siku mbili, alinitumia boksi lenye mchezo wenu wa kulima shamba. Yeye analo shamba humo, huu mwaka wa pili. Anataka niingie tulime pamoja wakati wa likizo yake, nayo ni siku tisa tu, kuanzia Ijumaa hii. Utauliza, kwa nini msipigiane simu? Tunapigiana. Ananiuliza, "Baba, umekula?" Namjibu nimekula, wewe je? Naye amekula. Halafu tunasikilizana tukipumua mpaka salio linakwisha. Mimi na yeye hatukuzoea kuongea, tulizoea kukaa. Alipokuwa mdogo alikaa chini ya meza ya cherehani akichambua nyuzi, mimi nashona, na hadi tunafunga duka kila mmoja anazo habari za mwenzake bila kuulizana. Kwa umbali tulio nao sasa, mchezo wenu ndio mahali pekee ninapoweza kukaa na mtoto wangu. Kwa hiyo malalamiko yangu ni mazito, nami nayapanga kwa namba msije mkayachanganya.

1. Juu ya boksi mmeandika kwa herufi za dhahabu: "Siku thelathini za kucheza bure zimo ndani." Nikafungua. Nilikuta diski, kadi yenye namba ndefu, na kijitabu cha maonyo kuhusu macho. Siku hazikuwemo. Nikaligeuza boksi, nikalitikisa. Mke wangu alikuwa akipita na ndoo, akasema, "Ligongegonge chini, pengine zimeganda."

2. Nilipoiingiza ile namba ndefu kwenye kompyuta, kioo kilinipongeza kwanza, kisha kikasema: "Weka taarifa za kadi yako ya benki ili ufurahie muda wako wa bure. Hutakatwa chochote leo." Ndugu Mkurugenzi, neno "leo" mtuachie mafundi. Nimelitumia miaka ishirini na sita. Mteja akiniuliza suruali yake, nikamjibu kwamba leo ndiyo naishughulikia, sote wawili tunajua kuwa suruali hiyo bado ni kitambaa. Nilipoliona neno hilo kwenye kioo chenu nilimtambua mtu wa kazi yangu.

Nisieleweke vibaya, sina cha kuibiwa. Mke wangu ameniambia mara tatu, "Wewe unaificha kadi, kwani humo ndani mna nini? Mwizi akiingia atakuachia kitu kwa huruma." Hoja yangu si usalama. Hoja yangu ni adabu. Mtu akikukaribisha bure hakuombi kwanza umshikishe pochi yako mlangoni.

3. Tazama kazi yangu. Kupimwa dukani kwangu ni bure. Ninalo daftari lenye kifua, kiuno na nyonga za mtaa mzima, pamoja na mambo mengine ambayo waume na wake zao hawajaambiwa. Mchonga funguo, kwa mfano, amenenepa kiunoni upana wa vidole vinne tangu aache kukimbia, na ameniapisha. Siri hizo zote zimo mikononi mwangu, na hata siku moja sijawahi kuanza kumshonea mtu suti mpya kila mwezi, eti kwa sababu vipimo ninavyo na hajaniandikia kunikataza. Ninyi, kama nimewaelewa, siku ya thelathini na moja ndivyo mtakavyofanya na pesa zangu.

4. Hata hivyo sikutaka kuwahukumu kabla sijaujaribu utaratibu wenu. Jumatatu nikamchagua mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mpole mwenye subira, nikamshonea gauni la rangi ya chungwa ambalo hakuliagiza. Alipopita nikampa gauni pamoja na maelezo: kwamba muda wake wa bure wa kupimwa umekwisha, na kwa kuwa hakujiondoa, ameendelea.

"Nimeendelea wapi, Fundi?" akauliza, ameshika gauni kwa vidole viwili.

Nikamwambia ameendelea kuwa mteja.

"Mteja wa nini? Mimi hata lile la kwanza sijalipata!"

Hilo ni kweli, nami nalitaja kwa ajili ya uaminifu tu, halihusiani na hoja. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kuapa hainuki mpaka la kwanza lishonwe. Likashonwa kwa saa mbili. Kwa upande huo nakiri utaratibu wenu unaharakisha kazi, ingawa si kazi yenu.

5. Maradhi hayo yameingia nyumbani. Jumanne niliomba chai. Mke wangu akasema chai ni ya bure, ila niache simu yangu kwanza, na namba ya siri. Nikamuuliza ya nini. "Huu ni uhakiki tu, baba watoto. Sitakukata chochote leo." Shemeji yangu, ambaye huja kula kwetu bila kuulizwa tangu siku ya harusi, aliombwa kitambulisho mlangoni. Akaenda kwake kukifuata na mpaka naandika hajarudi. Kwa hili pia nakiri faida, lakini ndugu ni ndugu, na chakula kilibaki.

Mnaona tunakoelekea. Leo mchezo, kesho chai. Keshokutwa mtu atasalimiwa "habari za asubuhi" naye atakataa kuitikia mpaka apewe namba tatu zilizo nyuma ya kadi. Mkunga atamuuliza mtoto mchanga taarifa za malipo kabla ya kumruhusu avute pumzi ya kwanza, maana na hewa nayo ni ya bure. Nimemuuliza binti yangu kama huko kazini wameanza. Amesema bado, na ameniuliza kama ninalala vizuri.

6. Hapa sasa ndipo panaponiuma. Mgeni asiyemaliza kujisajili, mchezo wenu haumfukuzi. Unamsimamisha nje ya uzio wa shamba, rangi ya kijivu, hana uso. Binti yangu amenipiga picha nikiwa hapo. Amejenga kibaraza, ameweka viti viwili, na kule nyuma kwenye uzio kuna kitu kama nguzo iliyovaa shati. Ameandika chini: "Baba, ndiye wewe huyo." Jirani yake wa mchezoni alimuuliza kama yule ni mwizi au mchumba. Akamjibu, "Ni baba yangu. Anabishana na kampuni."

Nimeikuza picha hiyo na kuitazama kwa miwani. Shati lenyewe kola imekaa upande. Miaka ishirini na sita ya ufundi, halafu mnanisimamisha mbele ya mashamba ya watu na kola ya namna ile.

7. Kwa hiyo naomba mambo mawili, moja dogo na moja la haki.

Dogo ni kwamba mnifungulie lango kabla ya Ijumaa bila kadi. Nipeni siku zangu thelathini kama nilivyoahidiwa na boksi, na zikiisha nitaaga mwenyewe na kuondoka kwa miguu yangu. Nimefundishwa hivyo.

La haki ni kwamba, kama hilo haliwezekani, basi nami niwe na dhamana. Naomba wewe Ndugu Mkurugenzi, bodi yako yote, na yule aliyeandika neno "leo", mnitumie vipimo vyenu: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mguu wa ndani. Msivute tumbo. Nitavihifadhi kwa siri. Hamtashonewa chochote leo. Siku mtakayonikata senti moja bila kuniuliza, nitaanza kushona, kila mwezi, kwa kitambaa nitakachochagua mimi. Rangi ya chungwa ninayo nyingi.

Nimewaza sana kama dai hili ni kubwa mno. Mwalimu mkuu anasema si kubwa ila ni la kijinga, lakini bado ananikasirikia.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa dada wa kwenye simu anayerudia kwamba nisubiri. Nimemsubiri kwa dakika arobaini, na sauti yake haikuchoka hata kidogo. Wasalimie pia walinzi na wanaofagia, ambao nina hakika hawakuulizwa siku jambo hili lilipoamuliwa. Mke wangu anawasalimu. Mchonga funguo anawasalimu pia na kuuliza kama lango lenu lina kitasa cha kawaida.

Ni mimi mteja wenu wa baadaye, kama mtaniacha,

Fundi Kesho,
mlango wa kijani.

Baada ya sahihi: Naomba yote niliyoandika hapo juu myaweke kando kwanza. Nilipokuwa natafuta bahasha, binti yangu alipiga simu kwamba likizo imeanza mapema na yuko shambani tayari. Kadi nimeijaza. Ilichukua dakika mbili, na mke wangu ndiye aliyenisomea namba. Nimepewa jembe, nikampiga kuku wa watu kwa bahati mbaya, tukacheka, kisha tukakaa karibu saa nzima tukipanda maboga na hakuna aliyeuliza kama mwenzake amekula. Sasa ananiambia maboga yenu huiva baada ya siku arobaini na tano. Thelathini hazitoshi. Ndugu Mkurugenzi, tafadhali, siku ya thelathini na moja ikifika msiniulize lolote, kateni tu. Mkikuta kadi haina kitu, msinitoe shambani. Nipigieni simu dukani, nitafunga mlango nije.