Mume wa Kwenye Kiapo

Saa tatu na robo asubuhi mlango wa ofisi ya ardhi ulifunguliwa, na Kalamu Mbili alikuwa tayari kwenye benchi la nje, tai shingoni, zile kalamu zilizompa jina zikiwa mfukoni. Hakuwa wakili. Hakuwahi kusema ni wakili. Aliwaachia watu waseme wenyewe.

Mtu anayedai ana haki katika nyumba ya mwenzake huapa mbele ya kamishna wa viapo, hupeleka karatasi ofisi ya ardhi, na hati ya nyumba ile huwekewa zuio. Tangu hapo mwenye nyumba hauzi, hakopi, halali usingizi. Kalamu Mbili aliweka mazuio kwa siri na kuyaondoa kwa malipo, kama fundi wa paa anayetoboa mabati mvua ikikaribia.

Zamani aliyekuwa akiapa ni binamu yake, mpaka binamu alipoanza kudai nusu. Basi ilipofika zamu ya nyumba ya fundi cherehani mmoja, mjane aliyekwishapata mnunuzi, Kalamu Mbili aliapa mwenyewe, kwa jina lake halisi, kwamba yeye ni mume wa yule mama. Tamaa haina shule.

Alimkuta dukani, mguu kwenye kanyagio.

"Dada yangu, nasikia hati yako imekwama."

"Imekwama, kaka. Nisipouza nyumba nikanunua chumba hiki cha duka kabla ya Ijumaa, anakinunua muuza viatu, nami na cherehani yangu tunalala nje."

"Pole sana. Nani kaweka zuio?"

"Nitajuaje? Barua za ofisi zinanipa kizunguzungu."

Kalamu Mbili alimshukuru Mungu kwa kizunguzungu. Akataja ada yake. Mama akampa chaki na kipande cha kitambaa, aiandike asije akasahau.

"Mbona kubwa?"

"Ya haki, dada."

"Na ukinitapeli?"

"Mimi? Nina kiwanja mtaa wa juu, nakiuza Alhamisi. Hati safi kama sahani ya mgeni!"

"Hongera! Kiwanja namba ngapi?"

Akamtajia. Majivuno yana ulimi mrefu.

"Haya. Kazi kwanza, malipo baadaye," mama akasema, akatunga uzi.

Jumatano asubuhi Kalamu Mbili alisaini kwamba mume ameacha dai lake, na zuio likaondolewa. Alhamisi akaenda kuuza kiwanja chake. Karani alifungua jalada, akalitazama, akamtazama na yeye.

"Kaka, kina zuio. Limewekwa jana mchana."

"La nani?"

"La mkeo."

"Sina mke!"

Karani akamsogezea kiambatisho. Kilikuwa kiapo chake mwenyewe, na muhuri juu. "Hapa umeapa unaye. Kama uliapa uongo sema, polisi wako ghorofa ya chini."

Kalamu Mbili alisema hapana, wanandoa husahauana.

Alifika dukani akihema.

"Dada, umenifanya nini?"

"Dada tena? Karibu nyumbani, baba." Mama alikuwa anapiga pasi suruali.

"Umeapa uongo!"

"Nimeapa kwamba wewe uliapa kuwa ni mume wangu. Si kweli?"

"Kumbe barua uliisoma, na nakala ya kiapo iliyokuwa ndani!"

"Kizunguzungu kiliisha."

"Mnunuzi wangu ananingoja mpaka saa kumi tu!"

"Wangu tulimalizana jana jioni." Akatoa kile kitambaa, mwandiko wa chaki ukiwa haujafutika. "Kuondoa zuio kuna ada. Uliipanga mwenyewe."

"Basi punguza, mama."

"Nimpunguzie mume wangu, majirani waseme napendelea?"

Saa tisa na nusu karani aligonga muhuri: zuio la kiwanja limeondolewa kwa ombi la mke. Ada ililipwa na mume.